Ukuta Usiotaka Kuzibwa

Vijana wangu, mnaniona kila Jumapili nimekaa benchi la nyuma, mikono imepinda kama mizizi, na baada ya ibada mnanisalimia kwa adabu: "Mzee Zakayo, wewe ulifanya kazi gani?" Nikijibu kwamba nilijenga kwa mawe, mnatikisa kichwa na kurudi kwenye simu zenu. Siwalaumu. Wengi wenu mko kwenye maghala hapa Louisville, na boksi likikaa upande mnalisogeza kwa goti. Jiwe halisogezwi kwa goti. Nilijaribu nikiwa na umri wenu, na goti hilo ndilo linalonifanya niimbe nikiwa nimekaa.

Kuta zangu nyingi zimesimama. Uko wa kanisa moja kwetu Kivu Kusini, juu milimani, ambao nimeambiwa umepita vita vyote ukiwa wima. Ziko za bustani za watu hapa mjini ambazo mnazipita kila siku bila kuzitazama, na hiyo ndiyo sifa ya ukuta mzuri. Lakini mchungaji aliponiomba niwaandikie juu ya kazi, ulionijia kichwani ni mwingine. Ulianguka mbele ya macho yangu mchana kweupe, na kilichouangusha ni kazi yangu nzuri. Sikuubomoa. Niliutengeneza. Mpaka leo nikisikia lori likimwaga kokoto, mkono wangu unatafuta mahali pa kushika.

Nianze na basi. Mwaka 2015 nilikuwa ghalani kama ninyi, nikipandia basi hapa Beechmont. Asubuhi moja nimesimama kituoni, nikaona ng'ambo ya barabara mafundi wanatengeneza ukuta wa kanisa la zamani, na mmoja amesimamisha jiwe kwa ubavu. Sikilizeni: jiwe lina tumbo na mgongo. Lililala ardhini kwa namna fulani tangu Mungu alipoliumba, na ukutani lazima lilale vile vile. Ukilisimamisha, maji yanaingia kati ya matabaka yake, na baridi ikija linachanika kama mkate. Basi langu likawa linakuja, na mimi nikawa navuka barabara.

"Samahani, bwana, hilo jiwe halijalala," nilisema kwa Kiingereza changu.

Aliyegeuka alikuwa mwenye kazi mwenyewe, mtu mweusi mwenye kofia ngumu. Aliisikia lafudhi yangu, akanijibu kwa Kiswahili cha Kenya: "Mzee, yaani umeacha basi iende kwa sababu ya jiwe?"

"Imeenda?" Niligeuka. Ilikuwa imeenda.

Alicheka mpaka akaegemea jukwaa la mafundi. Ndivyo nilivyompata Injinia Mutiso. Alikuja Amerika kusoma, akabaki Columbus, na nyumba yake iko Westerville, mtaa wenye nyasi zilizokatwa kama nywele za bwana harusi. Alikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza majengo ya kale. Ghalani walinionya kwa kuchelewa, nami nikawaaga nikaenda kufanya kazi kwake. Msinifuate katika hilo kabla hamjapata kazi nyingine.

Majira ya joto yalipokaribia kwisha, Injinia alinipeleka kaskazini, karibu na Buffalo, kwenye ngome.

Mnajua ngome za kwenye sinema? Ilikuwa kama hizo. Tajiri mmoja wa nafaka aliijenga zamani kwa kuiga za Ulaya: mnara, roshani, na madirisha membamba ya kurushia mishale, ingawa sijui alitarajia kumpiga nani. Ilisimama juu ya genge, na chini yake ziwa Erie. Iliungua moto kabla mjukuu wa tajiri huyo hajazaliwa, na hakuna aliyeijenga tena. Zilibaki kuta, bila paa wala sakafu. Upande wa ziwa kulikuwa na ukuta mmoja mrefu uliosimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Katikati ya ukuta huo kulikuwa na tundu ambalo ng'ombe wawili wangepita sambamba bila kugusana pembe.

Genge lenyewe ni mwamba mweusi wa matabaka membamba, kama chapati zilizopangwa. Ukilishika, kipande kinabaki mkononi. Na ziwa! Sisi tumezoea Tanganyika, ziwa lenye ng'ambo. Unaamka, unaona milima ya upande wa pili, unajua dunia inaishia wapi. Hili halina ng'ambo. Upepo unatoka kule usikoona, na njia nzima haukukutana na kitu cha kuuzuia.

Nilizunguka gofu lile nikipima kwa macho. "Injinia, paa tutaweka lini?"

"Hakuna paa, Mzee."

"Madirisha?"

"Hakuna."

"Sasa tunajenga nini?"

"Hatujengi. Tunaizuia isizidi kuanguka. Ibaki vile ilivyo."

"Lakini imevunjika."

"Ndiyo. Ibaki imevunjika."

Vijana, mimi nimetoka mahali ambapo nyumba zilizovunjika ni nyumba tulizokimbia. Nimepita vijiji vizima vya kuta bila paa, nikiwa na mtoto mgongoni, na sikuwaza kwamba kuna nchi ambayo mtu anaweza kuajiri fundi aje amtunzie uvunjifu. Nilipompigia mke wangu simu hakuamini. "Baba Neema, hao watu wana akili? Waambie waje kwetu, tunazo za kuwagawia!"

Injinia alinipa amri moja, akilinyoshea tundu kidole mara kadhaa: "Mawe yaliyolegea, yakazeni. Nyufa, jazeni chokaa. Lakini lile tundu, Mzee Zakayo, msiongeze hata jiwe. Hata moja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Sikumuuliza kwa nini. Andikeni hilo mahali. Nilimaliza sekondari, niliwahi kukaa mbele ya ubao wa fizikia, na mdomo ninao. Nilidhani ni mapenzi tu ya watu wa huku kwa vitu vilivyochakaa, kama vijana wanaonunua suruali iliyokwisha kuchanwa. Mtu akikupa amri usiyoielewa ukaitika tu, umeificha, hujaipokea.

Injinia alihitaji fundi wa pili, na hapa ndipo anapoingia mwalimu wangu.

Papa Yeremia ndiye aliyenifundisha jiwe, juu ya lile kanisa la milimani. Alikuwa mtu mfupi mwenye mdomo mkali. Ukipanga vibaya alisimama nyuma yako kimya, halafu anauliza, "Mutoto, unajenga kanisa ao unapanga mihogo ya kuuzisha?" Alitufundisha kugonga kila jiwe kwa nyundo na kusikiliza kabla ya kulipandisha: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa ndani hujibu kama mtu mwenye mafua. Siku za upepo, timazi ya kupimia wima ilipoyumba kwenye uzi isitulie, alitia ile risasi ya chini ndani ya ndoo ya maji, ikatulia. Mimi nilidhani ni uchawi. Alinipiga kofi la kisogo: "Ni maji, mjinga!"

Vita vilitutenganisha. Nilimlilia kama marehemu. Halafu Jumapili yangu ya kwanza Buffalo, nikiwa mgeni kanisani, nasikia nyuma yangu mtu anamwambia kijana, "Umevaa tai ao umejinyonga?" Sikuhitaji kugeuka.

Alikuwa anafanya kazi hospitali, kwenye chumba cha kufulia, anakunja mashuka. Wenzake hawakujua kwamba mzee yule aliwahi kuinua mnara wa kengele. Nilipomtaja kwa Injinia, alisita.

"Mzee, huyu ni mtu mzima sana. Akiteleza hapo juu, mimi nitawaambia nini watoto wake?"

"Hapandi juu. Atafanya ya chini. Akikosea, unifukuze mimi."

Siku alipofika kwenye ngome alivaa koti la Jumapili. Aliokota jiwe kwenye nyasi, akaligonga, akasikiliza, akaligonga tena. Kisha akaniambia polepole, "Zakayo, mimi nilizani Mungu alishanyang'anya hii." Tangu siku ile nilijua kwamba kazi hii kwangu ni kazi, kwake ni kufufuka. Ikimponyoka, hatapata nyingine. Nani angempa nyundo mzee wa umri ule?

Mwenye ngome, Bi Dorothy, alikuwa mjukuu wa yule tajiri, bibi wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye fimbo na kofia ya sufu. Alikaa nyumba ndogo ya mbao karibu na barabara, na kila siku mchana alituletea supu. Supu ile haikuwahi kuonana na chumvi. Yeremia aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, akamshukuru kwa Kifaransa, naye akamjibu kwa Kiingereza, wakaelewana kuliko watu wengi waliooana. Sisi tulimpa sombe, majani ya muhogo, na bugali. Alikula sombe. Bugali aliutazama kwa heshima.

Hakuwa na mtoto wala ndugu. Ukuta ule wa ziwani ulikuwa ndio jamaa zake. Alitusimulia, kwa msaada wa Injinia, kwamba alipokuwa msichana kulikuwa na upepo mkubwa uliotoboa lile tundu, na kwamba tangu hapo dhoruba nyingi zimepita bila ukuta kutikisika. Aliomba jambo moja: usianguke akiwa bado anauona. Nilisikia maneno yote hayo. Jibu la swali nisilouliza lilikuwa ndani yake, limekaa wazi kama nyanya juu ya meza, na mimi nikaendelea kuchanganya chokaa.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu, maana ninyi mmezaliwa huku na mnajibu wazazi kwa Kiingereza. Kijijini kwetu, nyumba ikibomoka ukuta na mwenye nyumba yu hai, majirani hawalali. Watakuja na udongo, na fito, hata na mkeka, pazibwe. Kuacha ukuta wazi ni kumwambia mwenye nyumba kwamba mnangoja atoke. Nyumba huachwa wazi kwa mtu aliyekufa tu.

Mwezi wa kumi na moja ulipoanza, Injinia alirudi Columbus kwenye kazi nyingine, akaniachia usimamizi. Siku chache baadaye Bi Dorothy alianguka jikoni kwake. Gari la wagonjwa likamchukua. Mchana ule hapakuwa na supu, na Yeremia hakufungua chakula chake. Alikaa akitazama lile tundu.

"Kula, Papa."

"Mwenye nyumba ni mgonjwa, na ukuta yake iko wazi."

"Injinia alisema tusiguse."

"Injinia ni mutoto muzuri. Lakini alizaliwa wapi? Nairobi! Nani alimufundisha?"

"Si Nairobi. Machakos."

"Bon, Machakos." Alinigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Zakayo, huyu mama alitupatia chakula. Hana mutoto. Hana jirani. Majirani yake ni nani, kama si mimi na wewe? Donc tunangoja nini? Tunangoja atoke?"

Vijana, ningeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mfukoni. Nilijua Injinia angesema hapana, na ndiyo sababu sikupiga. Yeremia alisema neno, lakini msimamizi ni mimi, na aliyesema "tuanze" ni mimi.

Tulianza. Mawe yale yale yaliyotolewa na upepo wa zamani yalikuwa bado ndani ya gofu, yamezikwa nyasini. Tuliyachimbua, tukayaosha, tukayagonga moja moja. Ajabu ni kwamba yalijua kwao: jiwe unaligeuza mara mbili, linaingia kama jino. Nilisahau kwamba Yeremia hapandi juu. Alipanda jukwaani kama mbuzi. Kwenye chokaa aliongeza saruji, "ikamate haraka mbele ya baridi," na kila jioni tulifunika kazi kwa magunia na mablanketi ya zamani, maana chokaa mbichi ikiganda barafu hubaki unga. Kileleni, pale kiraka kilipokutana na ukuta wa zamani uliokuwa juu yake, alikaza mawe kwa kabari, na jiwe la mwisho la katikati alilisukuma yeye mwenyewe kwa kiganja, akilisemesha kwa Kinyamulenge, lugha yetu ya nyumbani, kama mtu anayemlaza mtoto.

Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mnara wa kengele haukufikia hapo. Ukisimama mbali, hukujua palipokuwa na tundu. Na ndani ya gofu upepo ukakoma. Kwa mara ya kwanza tulikula bila kushikilia vifuniko vya vyombo. Yeremia aliegemea ukuta, akafumba macho. "Sasa atapona," alisema.

Na kweli alipona. Asubuhi moja yenye mawingu mazito gari la Injinia liliingia, na Bi Dorothy yuko kiti cha mbele, amefungwa shali. Alikuwa amempigia simu Injinia kutoka hospitali, amekataa kupelekwa nyumbani kabla ya kuuona ukuta wake. Tulijipanga mbele ya kazi yetu kama wanakwaya.

Injinia alishuka. Alitazama. Niliona uso wake ukibadilika rangi, na sijui kama mmewahi kumwona mtu mweusi akipauka. Si jambo la kuombea.

"Ni nani amefanya hii?"

"Mimi," nilisema. "Mimi ndiye uliyeniachia kazi."

"Neno ilitoka kwangu," alisema Yeremia.

"Wazee wangu. Wazee wangu!" Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mzee Zakayo, ulishawahi kubeba bati siku ya upepo?"

Hapo ndipo moyo wangu uliposimama, kwa sababu nilishabeba. Nani kwetu hajabeba? Unaweka bati kichwani, upepo unakuja, bati linataka kukupeleka kwa jirani. Na bati kuukuu lenye tundu kubwa katikati unalibeba hata siku ya upepo, kwa sababu upepo unapita zake. Ukuta ule haukuwa na paa la kuufunga juu, wala sakafu, wala ukuta mwenzake wa kuushika mkono. Upepo wa zamani ulikuwa umejitobolea mlango, na miaka yote hiyo dhoruba zilipita mlangoni na kuuacha ukuta umesimama. Sisi tulifunga mlango. Mimi nilijua habari ya bati tangu nikiwa mtoto, na sikuitumia.

"Redio inasema upepo mkubwa leo," Injinia alisema. Alikuwa tayari na simu sikioni, anaita magogo ya kuegemeza kutoka Buffalo. "Hakuna mtu anakaribia huo ukuta. Hakuna! Tumeelewana?"

Safari hii nilielewa.

Bi Dorothy aliuliza tunasema nini. Injinia alimweleza kwa Kiingereza, haraka haraka, kwa hasira, na nilisikia akifika kwenye habari ya kijijini, ya mwenye nyumba na ukuta ulio wazi. Bibi alitutazama kupitia kioo cha gari. "Waliziba ili nisife?" aliuliza. Injinia alimwambia ndiyo. Alifunika mdomo kwa shali, na mabega yakaanza kutikisika. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia, na Injinia, ambaye alikuwa karibu naye, anasema naye hajui.

Upepo ulikuja kabla ya magogo. Kwanza ziwa likageuka rangi ya majivu, kisha likaanza kupiga genge chini yetu kwa kishindo unachokisikia miguuni. Magunia yetu yaliruka kama kunguru. Niliutazama ukuta. Sikuamini nilichokiona: ulikuwa unapumua. Sehemu ya juu ilikwenda kidogo, ikarudi. Jiwe, vijana. Jiwe lilikuwa linapumua.

Nikageuka kumwambia Yeremia. Hayupo.

Alikuwa juu ya jukwaa, na nyundo na tindo, anakipiga kiraka chetu kileleni. Nilimwita, upepo ukachukua sauti. Injinia alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye gari, "Mzee, shuka! Mzee!" Nilikimbia.

"Papa, shuka!"

"Hii moja ya katikati!" alipiga kelele bila kugeuka. "Hii moja ikitoka, zote zitashuka, upepo utapita! Lakini inakatala! Zakayo, mukono yangu mwenyewe inanikatalia!"

Na kweli ilimkatalia. Chokaa yenye saruji aliyoichanganya mwenyewe, jiwe alilolikaza kwa kiganja chake mwenyewe, halikutaka kumwachia. Alipiga, vumbi likaruka machoni mwake, akapiga tena. Nilisikia ndani ya ukuta sauti kama ya kitambaa kinachochanika polepole.

Kwetu mwanafunzi hamgusi mwalimu wake. Humpiti hata mbele akiwa anakula. Nilipanda jukwaa, nikamkamata kiunoni, nikamng'oa. Alinipiga na kiwiko usoni. Alinitukana kwa lugha ya mama yangu. Nilimbeba kama gunia, tukaanguka pamoja nyasini, nikamkokota kwa koti kuelekea penye mnara huku akijaribu kurudi kwa magoti.

Ukuta haukupiga kelele mwanzoni. Uliinama, wote kwa pamoja, kama watu wanaoitikia sala. Halafu ardhi iliruka.

Vumbi lilipokwenda, ziwa lilikuwa mbele yetu zima, kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, hakuna kitu katikati. Sikuweza kusikia. Injinia alikuwa ameniinamia, mdomo unafunguka na kufunga. Bi Dorothy alikuwa ameshuka garini, amesimama na fimbo yake, kofia imechukuliwa na upepo, nywele nyeupe zimesimama. Aliishi kuona kile alichoomba asikione. Sisi ndio tuliomtimizia.

Ukuta wa kale ulikuwa umevunjika vipande vidogo, umetapakaa hadi kwenye barabara ya changarawe. Lakini katikati ya kifusi, kimelala chali juu ya nyasi, kilikuwa kiraka chetu. Kizima. Hakikuwa na ufa. Kila jiwe na mwenzake, kila kiungo kimejaa, kama mlango uliolazwa chini ungoje bawaba.

Yeremia aliinuka, akakizunguka. Alichuchumaa pale juu, penye jiwe la katikati, akapitisha kidole. Lilikuwa limetokeza nje kidogo, upana wa kidole hicho. Alikaa hapo mpaka malori ya magogo yakaja na kugeuza.

Injinia hakunifukuza. Nilimkumbusha neno langu, akasema, "Mzee, nikikufukuza, nitabaki na nani anayejua kosa hili?" Nilifanya naye kazi mpaka goti likakataa, na tangu siku ile sikuinua jiwe kabla ya kuuliza kwa nini, mpaka vijana wake wakanipa jina la Mzee Kwa Nini. Bi Dorothy aliishi miaka kadhaa zaidi. Alikataa kiraka kiondolewe. Alikuwa anakaa juu yake siku za jua, akitazama ziwa, na alitutumia kadi za Krismasi zenye picha ya ndege.

Injinia alimwita Yeremia tena, mara mbili. Hakuja. Alirudi chumba cha kufulia, kwenye mashuka. Nilipokwenda Buffalo nilimtembelea, tukala, tukazungumza habari za watoto, za kanisa, za nani kaoa. Mawe hatukuyataja. Nami nilikuwa na neno moja nililokwenda nalo kila safari: kwamba nilimgusa mwalimu wangu kwa nguvu, na nataka anisamehe.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, sauti imebaki nyuzi tu. Nikasema, "Papa, siku ile ya ukuta. Nilikushika kwa nguvu. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda kama anayetafuta nilipo. Kisha akainua mkono juu ya blanketi, akatenganisha kidole gumba na cha shahada, nafasi ndogo tu.

"Ilibakia hivi, Zakayo," alisema. "Ungelichelewa kidogo, ingelitoka. Ukuta ya mama ingelisimama."

Akashusha mkono. Binti yake akaingia na uji. Nilikaa pale nikimtazama akilishwa, nikijua kwamba lile jiwe lingetoka, mawe yote ya juu yangemshukia yeye kwanza, na kwamba yeye alilijua hilo kabla hajapanda.